Kukaa mbali bila kuachana: Lulimba, toka Corona mpaka Mpox

Siku ya posho moja ya mwezi wa Septemba 2024, kijana mmoja wa mashimo alifika kwenye mkutano wetu akiwa amevaa koti ya mvua, na jua linawaka. Sisi wa sendika hatuna ofisi, tunakaa chini ya muembe kando ya barabara. Kijana hakukaribia. Alisimama kama mita 10 hivi, karibu na mahali wamama wanauzisha mihogo. Tukamwita: "Karibia, petit, unaogopa nini?" Akakataa kwa mkono. Halafu akavuta kidogo mkono wa koti, tukaona vipele vimejaa.

"Niko na ile ya Kamituga," akasema. "Infirmier amesha kuiona. Nilikuya kuuliza tu: zamu yangu ya likilimba iko juma yenye kukuya. Mutanipatia ao basi?"

Watu wakanyamaza. Wawili walisimama, wakashika njia bila kuaga. Mama mmoja mtwangaji wa mawe akasema polepole: "Musianze tena." Hakuongeza neno. Wenye walikuwa hapa mwaka wa 2020 walielewa. Wengine waliuliza, na ni kwa ajili yao tunaandika.

Kwa msomaji wa Kinshasa ao wa Lubumbashi mwenye hajafika kwetu: Lulimba iko kwenye barabara ya taifa namba 5, ile inatoka Uvira, inapita Baraka na Fizi-Centre, inafika kwetu na kuendelea upande wa Misisi na Kalemie. Tunaiita barabara kwa heshima. Mvua ikianza, lori inaweza kulala matopeni siku tatu, na wasafiri wanapika chini yake. Huku watu wanalima, wanachimba dhahabu, ao wanawauzia wenye wanachimba. Ndagala za ziwa, chumvi, sabuni na dawa, vyote vinapanda toka Baraka. Dhahabu inashuka kwa njia ile ile. Ugonjwa nao hauna njia ingine.

Wakati mgonjwa wa kwanza wa Corona alitangazwa Kinshasa, tarehe 10 Machi 2020, tulisikia kwa Radio Okapi na tukacheka. Tulisema ni ugonjwa wa wenye kupanda ndege. Tarehe 18 Machi rais Tshisekedi akakataza mikutano ya watu kupita 20, akafunga masomo na makanisa. Juu ya kilio akasema maiti itoke morgue iende moja kwa moja makaburini, na watu wachache. Huku kwetu mtu analala nyumbani kwake usiku wa mwisho, na jirani wote wanalala nje pamoja naye. Tukaulizana morgue gani hiyo. Tarehe 24 Machi ikawa état d'urgence. Mipaka ikafungwa. Mwisho wa mwezi ule ule wakatangaza wagonjwa wa kwanza wa Kivu ya Kusini, kule Bukavu. Kicheko kikaisha.

Lakini chenye kilitupiga mbele hakikuwa kikohozi, ilikuwa bei. Ndege za Dubai zimesimama, mipaka imefungwa, négociants wakasema hawana mahali pa kupeleka mali. Gramu yenye tulikuwa tunauzisha vizuri mwezi wa pili ikaanguka, na ni négociant alipanga bei, wewe ulikuwa unaomba tu. Wakati ule ule, huko duniani, dhahabu ilikuwa inapanda. Mwezi wa Agosti 2020 onsi moja ilipita dola 2 000 kwa mara ya kwanza. Hiyo pia tuliisikia kwa redio. Mtu anaponda mawe kutwa nzima Lulimba, analipwa nusu, na jiwe lake likifika kwa wakubwa linavunja rekodi! Na sabuni, ile ile walikuwa wanatuambia tunawe nayo kila saa, ikapanda bei pamoja na chumvi.

Sasa tuseme juu ya likilimba, sababu ndiyo kiini cha habari yetu. Yetu ilikuwa na watu 42. Kila siku ya posho kila mmoja anatoa kitu, mmoja anachukua jumla, juma lingine ni mwingine. Pembeni kuna kisanduku cha mgonjwa na cha kilio. Tusidanganyane, hiyo ndiyo sendika yenyewe. Statuts na mihuri ni ya kuonyesha wakubwa. Chenye kinaunganisha mchimbaji na mwenzake ni kile kisanduku, na zoea la kuulizana: fulani hajaonekana, yuko wapi? Shimoni ni vile vile. Mwenye kuwa ndani anavuta kamba, mwenye kuwa juu anajibu. Kamba ikikaa bila kuvutwa, watu wanashuka kuangalia.

Mwezi wa Aprili 2020 tulisimamisha vyote. Kamati ilikaa mara moja, kwa nusu saa, ikakata: hakuna mkutano, hakuna likilimba, hakuna kutembeleana, mpaka tangazo lingine. Tulijiona watu wenye akili. Tulibandika karatasi kwenye muembe. Hakuna mtu aliuliza kamba itavutwa namna gani.

Kulikuwa na mwenzetu, tutamwita tu mzee wa shimo la pili. Alikuwa na miaka 50 na kitu, amechimba toka ujana, na kifua chake kilikuwa kimekula vumbi la mawe kwa miaka yote hiyo. Mwezi wa kwanza waganga walimuona na kifua kikuu, akaanza dawa za miezi 6, zile zinatolewa bure. Alikuwa anaendelea vizuri, alikuwa ameanza kunona. Corona ilipofika masikioni mwa watu, kila mwenye kukohoa akawa adui. Watoto walimwita "Corona" njiani. Jirani walikata njia ingine ya kwenda mtoni wasipite mbele ya mlango wake. Yeye naye akaogopa: alisikia eti wenye kukohoa wanachukuliwa na kufungiwa mahali wasirudi. Akaacha kwenda kuchukua dawa.

Sisi tulijua anakohoa. Tulijua pia ni kifua kikuu, sababu kisanduku cha mgonjwa kilikuwa kimemlipia usafiri mwezi wa kwanza. Tungeweza kusimama mbele ya watoto na jirani na kusema: huyu ni mgonjwa wa kitu kingine, na anatibiwa. Hatukusema. Tulikaa majumbani, tulikuwa tunaheshimu mesures.

Ni yule mama mtwangaji ndiye alienda kugonga mlango, na hakwenda kwa huruma: alikuwa anafuata sufuria yake. Siku 9 zilikuwa zimepita bila mtu kuingia kwake. Alimkuta amelala chini, hata tone la maji halimo ndani ya nyumba. Akatoka, akapita barabara nzima akituita kwa majina, mmoja mmoja, na maneno yenye hatuwezi kuandika katika gazeti. Vijana wanne walifunga vitambaa mdomoni, wakambeba kwa tipoyi mpaka kwa waganga. Alikufa siku ya pili. Muganga akatueleza: hii si Corona. Ni kifua kikuu bila dawa, na njaa.

Tulimzika tukiwa watu 14. Sheria ilikubali 20, hatukuijaza. Na mtunza pesa wetu alikuwa bado na michango ya mzee, ile alitoa mbele likilimba isimamishwe. Tukaipeleka kwa binti yake Lubichako. Alihesabu, akaingia ndani, hakutupatia hata kiti. Alikuwa na haki.

Baada ya pale tulikutana tena, watu 9, tumesimama uwanjani. Mmoja akasema maneno yenye yalitusaidia: "Walisema tukae mbali. Hawakusema tusiulizane." Ilikuwa kweli. Corona ilikuwa inapita kwa pumzi, mtu akikohoa ao akisema karibu yako, zaidi sana ndani ya nyumba iliyofungwa. Basi chenye kilikuwa kinakatazwa ni kukaa mwili karibu na mwili mahali hakuna hewa. Kusimama nje ya mlango na kuuliza "mzee, umekunywa dawa?" hakuna muganga alikataza.

Tukaanza upya, na si kila kitu kilifaulu. Likilimba tuliigawa kwa mashimo, watu 7 ao 8, na kila kundi lina mtu mmoja wa kubeba pesa. Wenye simu walituma kwa Airtel Money ao M-Pesa, ingawa réseau unaipata ukipanda kilima. Wengine walitumbukiza noti ndani ya sahani ya maji ya sabuni. Noti zetu munazijua. Zingine zilitoka pale safi kuliko siku zilitengenezwa, na zingine hazikutoka.

Kila asubuhi mkubwa wa kundi anahesabu watu wake. Mwenye hajaonekana siku mbili, wawili wanaenda kwake, wanasimama nje, wanaita, wanaweka chakula juu ya jiwe na kurudi nyuma. Mwanzo vijana waliona haya, walisema ni kazi ya wamama. Mtunza pesa akawaambia chagueni: kutembelea mgonjwa ao kulipa lita ya mafuta ya motopompa. Wote walichagua mgonjwa.

Mikutano ikawa ya wajumbe, chini ya watu 20, nje, nusu saa. Hapa tulipata jambo lenye hatukulitafuta. Katika mkutano mkubwa wanaume sita wanasema na wengine wanapiga makofi. Katika kundi la watu 8, wamama watwangaji walianza kusema. Nao hawakusema juu ya Corona. Walisema juu ya vumbi. Wanaponda mawe toka asubuhi, mtoto mgongoni, na jioni wanatema makohozi ya rangi ya mawe. "Munatuvalisha cache-nez juu ya ugonjwa wa Bukavu," mmoja akatuambia, "na hii yenye tunakula kila siku hamuioni?" Tulikuwa hatuioni, ni kweli. Toka hapo tunamwagia mawe maji mbele ya kuyaponda. Cache-nez ya kitenge haizuii lile vumbi jembamba lenye kuharibu mapafu, tulielezwa vile na infirmier. Maji yanasaidia zaidi, sababu vumbi halipandi. Lakini wamama waliendelea kuvaa kitenge, na sisi hatukuwakataza.

Kisha ikaja maneno ya maji ya kunawa. Mashimoni maji ni matope ya kuoshea dhahabu. Ukinawa na hayo umejipaka tu. Tulimuomba PDG wa mashimo (wa Kinshasa musishangae, kwetu mwenye kugharimia shimo anaitwa PDG) atoe bidoni mbili za maji safi na sabuni kwa kila shimo. Akasema serikali ndiyo inaleta Corona, basi serikali ilete sabuni. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni hatukushuka. Tulikaa juu ya mawe, tumeachana mita mbili mbili jinsi redio ilisema, na mashimo yakaanza kujaa maji sababu hakuna wa kuwasha motopompa. Saa sita bidoni zikafika. Siku ya kwanza sabuni ziliibiwa zote. Siku ya pili tulizifunga ndani ya soksi, tukazitundika kwenye mti, na mpaka leo ndiyo namna tunafanya. Bidoni inatobolewa kitundu, inafungiwa kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu, mkono hauishiki. Kipindupindu tunakijua Fizi miaka mingi kabla ya Corona, na kuhara kwa watoto tunakujua kila mwaka. Zile bidoni zilibaki juu ya hayo, si juu ya Corona.

Mwaka ule haukutuonea huruma. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilijaza mashimo kule Kamituga, wachimbaji zaidi ya 50 wakafia ndani. Kati yetu kuna wenye walikuwa na ndugu kule. Watu walikusanyika kwa mamia kutoa matope kwa mikono, na hakuna mtu aliulizia mita moja ao cache-nez. Hatuwezi kuwahukumu. Mwezi wa Desemba, baada ya mashambulizi juu ya wafanyakazi wake, MSF ikatangaza inaacha sehemu kubwa ya kazi zake katika territoire ya Fizi. Kwetu sisi wa zone de santé ya Kimbi-Lulenge, wenye tulizoea kupata matunzo bila kulipa, hiyo ilikuwa pigo kubwa kuliko virusi. Sasa mgonjwa alianza kuhesabu pesa mbele ya kuhesabu siku za homa, na kisanduku chetu kikaanza kukauka.

Na chanjo? Congo ilipokea dozi milioni 1.7 mwezi wa Machi 2021, ikaanza kuchanja tarehe 19 Aprili, na kwa kuwa watu hawakujitokeza, dozi milioni 1.3 zikatolewa kwa nchi zingine. Katika kamati yetu wengi hatukuchanjwa. Tunasema hivyo bila kujisifu.

Ikafika 2024, na ugonjwa haukutoka Wuhan kwa ndege. Mpox si mgeni: mtoto wa kwanza duniani kuonekana na ugonjwa huu aliishi katika Équateur, hapa hapa Congo, mwaka wa 1970. Lakini aina mpya ilianza kuonekana mwezi wa Septemba 2023, na mahali ilionekana ni Kamituga, mji wa dhahabu kama sisi. Mchimbaji hana mji. Shimo likikauka Kamituga anakuja Misisi, Misisi ikigomba anapita Lulimba, ana begi moja na godoro la kukopa. Kutoka Kamituga ugonjwa ulifika Bukavu na Uvira, ukavuka mipaka, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza ni hatari kwa dunia nzima. Kwa mara ya kwanza tulisikia redio za dunia zikitaja mji wa wachimbaji wa Kivu ya Kusini bila kutaja vita. Hatukufurahi.

Mpox haifanani na Corona, na hapo watu wengi wanakosea. Corona ilipenda pumzi. Hii inapenda ngozi. Inapita kwa kugusana na mwenye vipele, kwa kulala pamoja, kwa shuka, taulo, nguo zenye usaha. Inaanza na homa, kichwa, maumivu ya mgongo na nyama, uvimbe shingoni ao kwenye kinena, kisha vipele vinatoka, mara ingine sehemu za siri tu, na mtu anaficha kwa haya. Toka kuambukizwa mpaka kuona dalili zinaweza kupita siku 3 mpaka 21. Na mgonjwa anaweza kuambukiza mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itoke chini yake, juma mbili mpaka nne. Wengi wanapona. Wenye hatari zaidi ni watoto wadogo, wamama wenye mimba, sababu mimba inaweza kutoka, na wenye kinga dhaifu, kama mwenye VIH asiyekunywa dawa. Hao wasingoje hata siku moja kwenda kwa waganga. Wazee wetu wenye kovu la chanjo ya ndui mkononi wana kinga kidogo. Sisi wa miaka 40 na kitu tulikuja kwa kuchelewa: ndui ilitangazwa imeisha duniani mwaka wa 1980, na chanjo ikaachwa.

Sasa angalieni namna tunaishi. Kibanda cha shitingi cha watu wanne kinalaza tisa, kwa zamu: wa usiku anatoka shimoni, anaingia kwenye blanketi yenye bado moto wa mwenye kuwa anaamka. Buti ni za kukopeshana. Torche ya kichwa, na ile kamba yake yenye jasho, inapita vichwa vitano kwa siku. Kuambia watu hao "musigusane" ni kama kuambia samaki aepuke maji. Chenye tunaweza tunafanya: kila mmoja na shuka yake, hata kama ni kitenge cha zamani, torche inapanguswa na maji ya sabuni mbele ya kubadilishana, buti haikopeshwi kwa mwenye kidonda. Kibanda kimoja tumekitoa kwa wagonjwa wenye hawana familia hapa. Blanketi za zamu bado zinatushinda, hatuna za kutosha.

Juma mbili mpaka nne bila kushuka shimoni ni njaa. Hiyo ndiyo sababu watu wanaficha vipele na kuvaa koti za mvua. Kwa hiyo mgonjwa wa Mpox tunamlipa. Mwaka wa 2024 tulikuwa watu 58, kila mmoja alitoa franka 500 kwa juma, ilifika 29 000, kama dola 10 wakati ule. Ni kidogo, lakini inanunua unga na ndagala, na mtu haendi kazini na vidonda. Tumeona vijana wawili wakijitangaza wenyewe toka walisikia kuna ile pesa. Hotuba zetu za mwezi mzima hazikutangazisha hata mmoja.

Kuna maneno ingine yenye wanaume hawapendi kusema. Huko Kamituga ugonjwa ulipita sana katika mabaa na kwa wasichana wenye wanafanya kazi humo. Huku watu wakasikia, na jambo la kwanza walitaka ni kuwafukuza. Kijana mmoja wa kamati alipendekeza barua kwa chef de localité. Mama mtwangaji akamuuliza kwa upole: "Na wewe unaenda kule kufanya nini, kusali?" Barua haikuandikwa. Wasichana wenye kufukuzwa Lulimba watafanya kazi Misisi, na wachimbaji wetu watawafuata. Badala yake tuliomba infirmier apite pale mchana, wakati hakuna wateja, awaonyeshe dalili. Wawili kati yao wameingia katika hesabu ya asubuhi, mtu anapita kuuliza wameamkaje. Wanachangia franka 500 kama wote, na hawachelewi kama baadhi yetu.

Chanjo za Mpox za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024. Toka Kinshasa mpaka muembe wetu ni mbali, mvua ilikuwa imeanza, na barabara tumekwisha kuisema. Safari ile tulipatana: zikifika, kamati itapanga mstari wa kwanza.

Turudi kwa kijana wa koti ya mvua. Ile siku ya posho, mtunza pesa alimjibu toka mahali alikuwa ameketi: zamu ni yako, itakufikia, rudi ulale. Juma lililofuata yule mama alipeleka pesa, akaiweka juu ya jiwe mbele ya kibanda, akarudi nyuma na kumuita. Kijana alitoka, akahesabu mara mbili.

"Mama, inakosa 1 000."

"Ni ya sabuni, iko hapo chini ya jiwe. Ao ulikuwa unaogaka na nini?"

Magamba ya mikono yameanguka. Ya mgongo bado, kwa hiyo anasimama kwenye mita zake 10. Mkutano uliopita aliinua mkono toka kule kule na kupinga hesabu za kamati juu ya mafuta ya motopompa, lita kwa lita. Ilimpasa apige kelele tumusikie, na sisi kupiga kelele kumujibu, na wamama wa mihogo katikati wakaanza kutoa maoni nao. Tulimaliza saa kumi na mbili, na lile jambo la motopompa limebaki kwa juma yenye kukuya.